Kiti Kimoja cha Mwandishi

Alhamisi, 1 Septemba

Ndugu Silovan Bregadze, mkurugenzi wa kiwanda cha hariri na mwenyekiti wa klabu yetu ya Abreshumi, ametangaza leo saa nne asubuhi kwamba ndege ya kwenda Denmark ina kiti kimoja cha mwandishi. Kimoja. Alirudia mara mbili, na mara zote mbili alinitazama mimi.

Waandishi wa michezo hapa Chalistavi, Georgia, tuko wawili. Mimi, Varlam Tsuladze, wa gazeti la kiwanda, Mfumaji. Na Platon Kekelia wa redio ya mji, mwenye sauti ya pipa tupu.

Shajara hii haisomwi na mtu isipokuwa mke wangu Lamara, ambaye husoma kila kitu, kwa hiyo niandike ukweli. Nimeandika habari za mpira tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kutoka nje ya nchi. Mbali kuliko kote nilikofika ni pwani ya Batumi. Nilikodi darubini nikautazama mlima wa Uturuki. Ulikuwa na ukungu.

Sasa Abreshumi wamechukua kombe la nchi nzima, jambo ambalo Moscow hawajalimeza mpaka leo, na tumeingia Kombe la Washindi la Ulaya. Mechi moja nyumbani, moja ugenini, ukishindwa unafungasha. Kila raundi ina safari moja. Nataka safari moja tu. Kabla sijafa nione uwanja ambao maandishi yake siwezi kuyasoma.

Mpango: nimemnong'oneza daktari wa klabu kwamba Platon hutapika akiwa ndani ya ndege. Si uongo mtupu. Nilimwona akitapika kwenye mashua ya kukodi, kwenye bwawa la bustani ya mji, maji yakiwa yametulia kama chai mezani.

Jumanne, 6 Septemba

Daktari alimwambia mkurugenzi. Mkurugenzi akaingiwa na huruma. Ameamua mapema, kabla ya siku yake, ili mgonjwa apate muda wa kujiandaa: anakwenda Platon. Kiti cha mbele, kando ya choo. Vidonge amepewa bure.

Platon alinikamata sokoni, kati ya jibini na kuku, akanishika mabega. Alisema hata mama yake mzazi hakuwahi kumjali kiasi hicho. Akanibusu mashavu yote mawili mbele ya wauza kuku.

Nimerudi nyumbani bila jibini.

Jumatano, 28 Septemba

Hapa nyumbani tuliwafunga Wadenmark matatu kwa bila. Leo marudiano. Nimesikiliza redio jikoni, daftari gotini, maana mhariri anataka ripoti kamili ya mechi ambayo sikuiona.

Platon alianza vizuri. Alieleza nyasi. Alieleza bendera. Kisha akaeleza siagi waliyopewa asubuhi hotelini: rangi yake, chumvi yake, jinsi inavyokaa juu ya mkate bila kuteleza. Katikati ya siagi uwanja ukalipuka. Platon akasema inaonekana kuna aliyefunga.

Nani? Kwa mguu gani? Hakusema. Alirudi kwenye siagi.

Matokeo, moja kwa moja. Tumesonga mbele. Nimeandika katika Mfumaji kwamba bao letu "lilipatikana katika mazingira ambayo bado yanachunguzwa". Lamara amesema ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote nilizowahi kuchapisha.

Ijumaa, 30 Septemba

Droo imetoka. Tumepangwa na klabu kutoka Wales iitwayo Pontrhedyn. Tulicheka sana ofisini. Konsonanti zimepandana kama abiria wa mabasi ya Jumatatu, haziachi nafasi ya kuvuta pumzi. Tsiala, mwalimu wetu wa Kiingereza ambaye huwa mkalimani wa klabu, alitukumbusha kwa upole kwamba wao nao watajaribu kutamka jina la mji wetu wa Mtskheta.

Habari nyingine, kutoka kwa mkurugenzi mwenyewe: safari hii kiti cha mwandishi atapewa yule atakayeifaa timu zaidi. Platon akajitolea kuwatungia mashabiki wimbo. Mimi nikajitolea kuwa tamada.

Kila karamu ya kwetu ina tamada, mtawala wa meza. Hakuna anayekunywa mpaka tamada atoe neno, na tamada akishatoa neno hakuna asiyekunywa. Mkurugenzi atawaandalia wageni chakula cha mchana siku moja kabla ya mechi, kama ada. Watakaa mezani kwangu. Nitatoa maneno ishirini. Divai itatoka kwenye mitungi ya baba mkwe, ile iliyozikwa ardhini nyuma ya zizi, ambayo hunyweka kama maji na kupiga kama nyundo. Kesho yake Pontrhedyn watacheza wakitafuta ukuta wa kuegemea.

Nimemweleza mkurugenzi sehemu ya ukarimu. Ya nyundo amejiongeza mwenyewe, nadhani, maana alinipa mkono muda mrefu.

Nikaongeza pambo moja kwa ufahari: kila mchezaji mgeni akae na mchezaji wetu wa namba yake. Kipa na kipa, beki na beki. Mkurugenzi alisema ni wazo la kidiplomasia. Jumber, kocha wetu, alisema ni wazo. 

Jumanne, 18 Oktoba

Mistari inakwenda upande. Ni usiku na chumba kinazunguka.

Wageni waliingia saa tisa. Wachimba makaa watatu, tarishi mmoja, walimu wawili, waliobaki vijana wa mpira. Mwenyekiti wao, Bwana Idris Prosser, ni mchinja nyama na shemasi wa kanisa lake. Meza ilikuwa imejaa mpaka sahani zikapanda juu ya sahani: mikate ya khachapuri iliyojaa jibini, bata mzinga katika mchuzi wa karanga za miti, maharage, samaki wa mtoni. Nikasimama, nikainua glasi, nikatoa neno la kwanza, la amani.

Wageni wakainua glasi za maji baridi ya limau.

Nilimtazama Tsiala. Akasema shemasi Prosser hajawahi kuonja pombe, na kocha wao amewakataza wachezaji mpaka mechi iishe. Wanaomba radhi sana. Wanasifu limau.

Hapa ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Imereti, jimbo letu, analijua kabla ya kuota meno. Glasi iliyonyanyuliwa kwa neno la tamada hairudi mezani na divai ndani yake. Neno litaanguka chini. Mgeni asipoweza, mwenyeji wake aliye ubavuni ndiye anayemnywea. Na ubavuni mwa kila mgeni nani alikuwa amekaa? Nilimpanga mimi.

Badri, kipa wetu, kijana mwenye adabu zake, alikunywa yake, akamnywea kipa mwenzake. Beki wa kulia akamnywea beki wa kulia. Neno la pili, la nchi zetu mbili. Neno la tatu, la wazazi. Jumber alinijia akanikemea sikioni kwamba nikate. Tamada hakati. Ningekata karamu mbele ya wageni, baba yangu angefufuka anichape. Nikatoa neno la makocha, Jumber naye akanywa mbili.

Kisha neno la marehemu. Hili halifanyiwi mchezo, hata na mimi. Nikasema wapo watu waliokwenda chini ya ardhi kutafuta moto wa kutupikia na hawakupanda tena, na leo nao wana kiti kwenye meza hii. Niliwalenga wale wachimba makaa watatu. Tsiala alitafsiri polepole. Bwana Prosser akasimama na limau yake. Akataja jina la mdogo wake. Basi, jina tu. Akakaa.

Tarishi wao akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini na wenzake wakaingia, kila mmoja kwa sauti yake, kama wanavyoimba wazee wetu. Wa kwetu hawakuyajua maneno lakini wakaona pa kuingilia. Wakaingia. Mimi pia. Mpango niliusahau kwa muda, nakiri.

Tuliagana magharibi. Bwana Prosser aliniuliza jina langu, akalirudia mpaka likamkaa mdomoni. Badri alibebwa.

Lamara alinivua viatu. Akasema, "Umekwenda kuwalewesha wageni, ukawalewesha wana wetu. Varlam, wewe ukitega panya unanasa paka."

Jumatano, 19 Oktoba

Bila kwa bila.

Taarifa kamili: mashuti yaliyolenga lango, mawili. La kwao lilimgonga Badri usoni. Alikuwa ameegemea mlingoti na sidhani alijua mechi imeanza. Nimeandika kwamba "aliokoa kwa kujiamini". La kwetu lilikwenda pole kiasi kwamba kipa wao aliinama akafunga kamba ya kiatu kwanza. Wa kwetu walitembea kwa sababu ya divai, wa kwao walitembea kwa sababu ya khachapuri. Refa ndiye aliyekimbia kuliko wote.

Mkurugenzi hajanisemesha. Ila kwa haki niseme mpango ulifanya kazi nusu. Wageni hawakufunga.

Jumatatu, 24 Oktoba

Simu ya maandishi imefika klabuni kutoka Wales! Ameileta mkurugenzi mwenyewe, anang'aa. Bwana Prosser anashukuru kwa chakula ambacho kanisa lake lote limeshasimuliwa, na anaomba kwa heshima kwamba katika msafara wa Abreshumi awemo Bwana Varlam Tsuladze, akae nyumbani kwake kama ndugu. Jina langu, bila kosa hata la herufi moja. Mfumaji wenyewe huwa wanakosea.

Mkurugenzi alisema hapa hakuna la kujadili, mgeni ameomba. Kilichobaki ni kibali tu.

Nimekwenda kwa fundi nikapimwa suti. Nikapita kwa Platon kumpa pole. Alinipongeza kwa dhati, akanishauri nionje siagi.

Alhamisi, 27 Oktoba

Niliitwa kwenye jengo la kamati, ghorofa ya tatu. Mlango hauna kibao. Kila mtu mjini anaujua.

Ndani yumo Ndugu Murman, mtoa vibali vya safari, mtu mpole, anayekukaribisha chai na jamu ya mtini. Aliniuliza habari za Lamara. Aliniuliza habari za baba mkwe na mitungi yake. Kisha akaiweka simu ya maandishi mezani akailainisha kwa kiganja. Akataka kujua raia wa nchi ya nje amelijuaje jina langu. Nikasema aliniuliza. Na mimi? Nikamwambia. Akataka kujua kwa nini, kati ya watu wote wa Chalistavi, mgeni huyu anataka mimi ndiye nilale kwake. Nikasema tuliimba. Akaandika: waliimba.

Nikajitetea kwa ushahidi. Nikamweleza nilivyotoa neno la marehemu, shemasi alivyosimama, sisi sote tulivyotokwa na machozi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunionea huruma.

Mwishoni alinisindikiza mpaka mlangoni. "Ndugu Tsuladze," alisema, "mtu asiyejulikana huko nje ndiye mtu anayerudi."

Anakwenda Platon.

Fundi hakubali kurudisha kitambaa. Ameshakata miguu.

Jumamosi, 5 Novemba

Tumepita! Moja kwa moja kule Wales, bila kwa bila hapa, bao la ugenini limetubeba. Mji mzima ulikuwa barabarani. Mimi nilikuwa jikoni, nikisikia mechi kwa sauti ya Platon. Safari hii bao alilitangaza. Aliliona.

Leo amenijia na mzigo. Skafu nene ya sufu, nyekundu, imefumwa kwa mkono na mke wa Bwana Prosser. Ni yangu, amesema, lakini inabidi anieleze kitu. Wenyeji walikuwa wamejipanga stesheni na kwaya ya kanisa zima. Aliposhuka mtu wa Georgia mwenye kalamu mfukoni, wakaanza kuimba. Wakamwita Varlam. Alijaribu kuwasahihisha, ila Tsiala alikuwa bado ndani ya gari moshi akitafuta begi, na kwaya ilishafika ubeti wa pili. Alilala kitanda changu. Alikula kondoo wangu. Siku ya tatu alikuwa ameshazoea, akaitika.

"Kaka, wanakupenda mno," alisema. "Nilitamani ungekuwepo unione."

Skafu inawasha shingoni. Nimeivaa hivyo hivyo.

Ijumaa, 20 Januari

Droo ya robo fainali: Waaustria. Machi. Mji wa milimani, maziwa, theluji juu ya paa. Lamara alinikuta natazama ramani, akaikunja.

Mkurugenzi anataka karamu tena, na tamada yule yule. Timu iliyoshinda haibadilishwi, na karamu sasa imehesabiwa kuwa sehemu ya timu. Jumber amekubali kwa sharti moja: mchezaji wake yeyote asikaribie hata dirisha la ukumbi. Ndugu Murman naye ametoa lake, kupitia mkurugenzi: niongoze meza, ila wageni wasilisikie jina langu. Niitwe Tamada, basi.

Nililichukulia kama tusi kwa siku nzima. Jioni, nikimenya viazi, nikaliona lilivyo. Jina langu ndilo lililoninyima Wales. Atakayetajwa na wageni hasafiri. Basi siku hiyo wageni waondoke na jina moja tu vichwani, na lisiwe langu.

Nilicheka mpaka kisu kikanikata. Sijawahi kuwa na mpango safi namna hii. Hauna uongo ndani yake. Una sifa tupu.

Jumanne, 28 Februari

Karamu imekwisha. Nilikunywa kwa kipimo. Naweza kuandika mstari ulionyooka.

Kiongozi wa wageni ni katibu wa klabu yao, Bibi Hedwig Obermoser, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, na huyu si mtu wa limau. Alimaliza kila glasi, akaigeuza juu chini kutuonyesha. Baba mkwe alikuja kutoka jikoni kumtazama.

Nilimkaribisha Platon, nikamkalisha katikati. Neno la kwanza, la amani: nikasema amani ina sauti, na hapa kwetu sauti hiyo ni ya Platon Kekelia, anayetuletea habari njema kila asubuhi. Neno la pili, la nchi: nchi ni watu wake, mfano Platon. Neno la akina mama: nikaanza na mama yake Platon. Neno la urafiki nililisema nimemshika bega. Nikasimulia jinsi alivyokwenda Wales akavaa jina la mwenzake ili kwaya ya watu isiaibike ikaimba bure. Watu walicheka, kisha wakainua glasi, maana ukilisema kwa sauti, lilikuwa jambo la kiungwana.

Kufika neno la kumi Waaustria walikuwa wanapiga meza na kuita jina lake kwa vipande viwili. Bibi Obermoser alimwomba Tsiala amtamkie jina la ukoo mara tatu.

Platon alilia. Machozi yalidondokea mchuzi wa bata mzinga. Aliponyanyuka kujibu, sauti ile ya pipa haikutoka. Alisema tu kwamba maisha yake yote alidhani mimi namchukia.

Nikamnywea glasi. Sikujua nitazame wapi.

Jumatano, 1 Machi

Abreshumi mbili, Waaustria moja. Wa kwetu walikimbia kama watu waliolala vizuri. Lile bao lao moja linanisumbua. Nimewaonya wasomaji kwamba la ugenini ni zito. Uwanja ulikuwa matope mpaka vifundoni.

Jumatatu, 6 Machi

Saa sita mchana simu ya maandishi imefika. Bibi Obermoser anashukuru, anatuma salamu kwa baba mkwe, na klabu yake inasubiri kwa hamu kubwa kumpokea Bwana Platon Kekelia. Jina kamili!

Nilitembea kurudi nyumbani kwa njia ndefu. Nikapita kwa fundi. Suti iko tayari toka Novemba, inaningoja msumarini. Nimeongezeka kiunoni, ataachia pindo.

Saa tisa Platon ameitwa ghorofa ya tatu.

Ijumaa, 10 Machi

Ndugu Silovan Bregadze ametangaza leo saa nne asubuhi: msafara wa Austria hauna kiti cha mwandishi.

Hauna. Alieleza kwa masikitiko. Ghorofa ya tatu wameona kwamba waandishi wa Chalistavi wana jambo. Mmoja akikaa na wageni anaitwa Wales, mwingine akikaa nao anaitwa Austria. Tabia hii imeenea. Bora kiti kitumike vingine. Atakwenda Ndugu Murman mwenyewe, na akirudi atatupa maelezo ya mchezo.

Nilitoka uani kwenye baridi. Platon alikuwa ameketi kwenye ngazi za kiwanda. Nilikaa kando yake. Nikamwambia pole, nimesikia walichokufanyia.

Akatikisa kichwa. Alisema yeye hasikitiki kwa ajili yake, ameshaziona nchi mbili, zinamtosha. Anasikitika kwa ajili yangu. Baada ya ile karamu hakupata usingizi. Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla kiwanda hakijapiga king'ora, alikwenda kwa mkurugenzi.

"Nilimwambia Austria uende wewe, kaka. Nikamwambia Varlam hajawahi kwenda popote. Mkurugenzi akakubali. Akampigia simu Ndugu Murman, na Ndugu Murman akasema haya, kwa kuwa safari hii jina lake halijulikani huko."

Jumatatu saa mbili. Simu ya maandishi ilifika saa sita.

Kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa na kiti. Nilikuwa nacho nikinyoa. Nilikuwa nacho nikipanga foleni ya mkate, nikimtukana Platon moyoni. Kiti changu, kwa jina langu, kwa saa nne kamili, na hakuna aliyeniambia.

Nilimwuliza kama ameshajua jina lake lilifikaje Austria. Akasema anajua: nilimpenda kupita kiasi.

 Nilimkopesha skafu. Alikuwa anatetemeka.

Jumatano, 15 Machi

Hakuna matangazo, maana hakuna mtangazaji. Mji mzima umekaa na redio zisizosema kitu. Platon alikuja kwangu. Lamara alipika maharage. Tulisubiri taarifa ya Moscow: mavuno, matrekta, kiwanda kipya cha saruji, hali ya hewa ya mashariki. Kisha, kwa pumzi moja, Abreshumi wamefungwa moja bila huko Austria na wametolewa kwa bao la ugenini.

Platon alizima redio. Kisha, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuifanya, alisimama jikoni kwetu akaitangaza mechi yote tangu mwanzo kwa ile sauti yake, akibuni. Alieleza theluji. Badri aliokoa mkwaju. Krosi ya winga wetu iligonga mwamba. Mimi niliandika. Lamara aliacha kuosha vyombo, akakaa.

Kwa dakika kadhaa nilikuwa Austria.

Tulishinda tatu kwa moja.

Jumamosi, 18 Machi

Msafara ulirudi jana. Ndugu Murman ametoa maelezo yake ya mchezo leo mbele ya wafanyakazi wote. Alisema nyasi zilikuwa kijani na wapinzani walikuwa kumi na mmoja. Amevaa viatu vipya vya ngozi, soli nene. Wakati wa maswali nilisimama nikauliza bao liliingiaje. Akasema chini.

Yalivyo mambo: bado tumo katika kombe la nchi. Tukilichukua tena, Septemba kuna ndege. Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, na nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Nilikuwa nawakirimu watu wasiohusika. Wageni hawatoi vibali! Kibali anatoa mtu mmoja, na mtu huyo, katika miaka yote hii, nani amewahi kumketisha mezani akamtolea neno?

Nilimfuata nje. Nilimsifu viatu. Nikamkaribisha nyumbani chakula cha mchana. Mitungi ya baba mkwe, bata mzinga, mimi ndiye tamada, Platon atakaa ubavuni mwake. Nimeshaandika maneno kumi na manne, yote yanamhusu yeye. La sita linaanza na mama yake. Akitoka hapo atakuwa ananipenda kiasi kwamba hataweza kuninyima kitu.

Lamara amesoma mpaka hapa. Ameuliza mtu wa ghorofa ya tatu akikupenda sana, atakubali uende mbali naye?

Wanawake hawaelewi mpira.

Ndugu Murman amekubali. Amesema anakuja na wenzake wawili wa ghorofa ya nne, ambao wangependa sana kulifahamu jina langu. Kesho, Jumapili, saa nane mchana.